Usomaji wa Magazeti ya Kiswahili: Tangu Msimulizi Hata Simu ya Mkononi

Mwaka wa 1888, katika Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, Unguja, lilipigwa chapa gazeti dogo lililoitwa Msimulizi. Lilikuwa gazeti la Misheni ya Vyuo Vikuu, nalo lilikusudiwa kuwafungamanisha walimu na wanafunzi waliotoka chuoni wakatawanyika huko Magila, Masasi na kandokando ya Ziwa Nyasa. Habari zake nyingi zilitoka katika barua za vituo hivyo. Wanahistoria wengi hulihesabu kuwa gazeti la kwanza la Kiswahili, na jina lake lastahili kuangaliwa. Walioliasisi hawakulipa jina la karatasi wala la kalamu. Walilipa jina la mtu asemaye, akaaye mbele ya watu akawasimulia.

Majina ya magazeti kadha yaliyofuata yana sauti vivyo hivyo. Baraza lilianza Nairobi mwaka wa 1939. Na baraza, kabla ya kuwa jina la gazeti au la mkutano wa serikali, ni ukumbi wa mbele ya nyumba ambapo watu hukaa jioni wakaongea. Mombasa ilikuwa na Sauti ya Pwani. Chama cha TANU kilitoa Sauti ya TANU mwaka wa 1957, na gazeti lililopendwa sana na watu wa kawaida wa Dar es Salaam tangu mwaka wa 1959 liliitwa Ngurumo. Mtu aweza kujibu kwamba jina ni jina tu, na kwamba Kiongozi, Mwafrika na Uhuru hayana sauti yoyote ndani yake. Jibu hilo ni la haki. Lakini hapa jina laafikiana na desturi, na desturi hiyo yaonekana kusahauliwa kila palipo na mazungumzo juu ya gazeti la karatasi na habari za simuni. Swali huulizwa kana kwamba msomaji mmoja aliyekuwa kimya na karatasi yake amehamia kwenye kioo, akabaki kimya vilevile. Kwa Kiswahili mwanzo wa mambo haukuwa huo.

Gazeti liliingia katika jamii ambamo maandishi yalikuwa kitu cha kusikilizwa. Utenzi uliandikwa, lakini ulisomwa kwa sauti mbele ya watu. Barua iliyofika kutoka Mrima au Maskati ilisomwa mbele ya jamaa wote wa nyumba, na aliyeiandika alilijua jambo hilo, akawataja mmoja mmoja katika salamu zake. Isitoshe, wazee wengi wa pwani walioweza kusoma na kuandika walitumia hati za Kiarabu. Gazeti la hati za Kirumi lilipowajia, wao waliokuwa wenye elimu wa mji waligeuka kwa siku moja kuwa wasiojua kusoma, na habari za ulimwengu zikasomwa na mjukuu aliyekwenda shule ya misheni au ya serikali. Serikali ya Kidachi ilikuwa na shule ya namna hiyo mjini Tanga, na humo ndimo lilimotoka gazeti la Kiongozi tangu mwanzo wa karne ya 20 hata wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Pwani na Bara la Walutheri na Rafiki Yangu la Wakatoliki yalianza yote mawili mwaka wa 1910. Wasomaji wa magazeti hayo walikuwa walimu, makarani, wanafunzi na maakida, yaani watu ambao kila mmoja wao alikuwa na wasikilizaji wake. Ndiyo maana hesabu ya nakala zilizouzwa haitoshi kumwambia mwanahistoria gazeti lilifika wapi. Nakala moja ilikuwa na jicho moja na masikio mengi.

Mambo Leo ndilo gazeti lililoikamilisha desturi hiyo. Lilianza Januari 1923, likitolewa na Idara ya Elimu mjini Dar es Salaam, nalo lilitoka mara moja kwa mwezi. Jambo hili la mwezi lafaa kukumbukwa na kila anayelinganisha gazeti na simu. Gazeti la kila siku ni kitu cha juzi katika Kiswahili. Kwa zaidi ya nusu karne neno "gazeti" lilikuwa na maana ya kitu cha mwezi au cha wiki, na "leo" ya Mambo Leo ilidumu siku thelathini. Katika siku hizo thelathini nakala moja ilikuwa na wakati wa kutosha kuzunguka kijiji kizima, kusomwa na kusomwa tena, kubishaniwa, na hatimaye kujibiwa kwa barua.

Tena ilijibiwa kwa mashairi. Kurasa za mashairi za Mambo Leo zilikuwa shule ya watunzi. Shaaban Robert na Mathias Mnyampala ni miongoni mwa waliochapishwa humo. Mtunzi wa Tanga aliweza kutoa swali la kimashairi, akajibiwa na mtu wa Tabora ambaye hajamwona kwa macho, kwa vina na mizani ilezile alizozitumia muulizaji. Jibu lilichukua mwezi mmoja, pengine miwili. Ucheleweshaji huo haukuwa hasara tupu. Mwenye kujibu alipata nafasi ya kuhesabu mizani yake, na msomaji alilazimika kuliweka shairi la kwanza mpaka la pili lifike, ama kwa kulikariri, ama kwa kulitunza gazeti lenyewe. Hivyo kutunza magazeti kulianza kama haja ya wasomaji, kabla hakujawa kazi ya maktaba.

Jambo jingine lilitukia katika kurasa hizo. Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki iliundwa mwaka wa 1930 ili kusanifisha lugha, na tahajia iliyokubaliwa haikuwafikia watu wengi kwa njia ya sarufi na kamusi. Iliwafikia kwa vitabu vya shule na kwa gazeti. Mkulima wa Songea aliyesikia Mambo Leo likisomwa alisikia namna moja ya kusema, ambayo haikuwa ya kijijini kwake wala ya kijiji chochote. Wenye lugha yao ya kuzaliwa, hasa wa Mombasa na Lamu, hawakukosa kunung'unika. Mombasa ilikuwa na kalamu zake yenyewe: Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa Sahifa mwaka wa 1930, na baadaye Al-Islah, akiwaonya Waislamu wa pwani juu ya elimu, mila na mabadiliko ya dunia. Makala ya Sahifa yalikusanywa yakatolewa kitabuni mwaka wa 1944 kwa jina la Uwongozi, na mwaka wa 2017 yakatolewa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza kwa ajili ya wataalamu. Karatasi chache za mji mmoja zimeweza kusomwa baada ya miaka zaidi ya themanini, kwa sababu kulikuwa na watu waliozishika.

Gazeti la kila siku lilikuja pamoja na siasa. Kwetu la Erica Fiah lilikuwa limefungua njia Dar es Salaam tangu mwaka wa 1937, kwa kuonyesha kwamba Mwafrika aweza kumiliki gazeti na kusema atakalo ndani yake. Mwafrika lilifuata mwaka wa 1957, Ngurumo mwaka wa 1959, Taifa Leo la Nairobi mwaka wa 1960, na Uhuru la TANU mwaka wa 1961. Wakati uleule redio ilikuwa imekwisha kuingia mitaani. Dar es Salaam na Unguja zilianza matangazo yao mwaka wa 1951. Redio ililipokonya gazeti kazi ya kusikilizwa. Habari ya saa hii ikawa ya redio, na gazeti likaanza kuwa kitu cha kusomwa na mtu peke yake, kwa macho, akiwa ndani ya basi au kazini wakati wa mapumziko.

Badiliko hilo halikwenda kwa mwendo mmoja kila mahali. Tanzania ilipoutangaza mwaka wa 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, mamia ya maelfu ya watu waliingia darasani ukubwani, nao walihitaji kitu cha kusoma baada ya kumaliza vitabu vya kwanza. Kwa ajili yao kulianzishwa Mwanza, mwaka wa 1974, gazeti la Elimu Haina Mwisho, la watu wa Kanda ya Ziwa. Msomaji wa namna hiyo hakusoma kimya. Alisoma kwa midomo, silabi kwa silabi, na mara nyingi mbele ya wenzake wa darasa. Kwa hiyo katika nchi moja na mwaka mmoja, karani wa Dar es Salaam alipitisha macho juu ya Uhuru huku akinywa chai, na bibi wa Ukerewe alilitamka gazeti lake kwa sauti. Anayesema kwamba "watu walisoma karatasi hivi" na amtaje kwanza mtu gani.

Katika miaka ya magazeti ya kila siku ilikomaa sarufi ya kichwa cha habari, nayo ni mali ya karatasi hasa. Kichwa cha Kiswahili hupenda wakati wa -a-: waziri ajiuzulu, mvua yabomoa nyumba, bei ya sukari yapanda. Katika mazungumzo ya kila siku ya Dar es Salaam wakati huo wa -a- ni adimu kusikika. Watu husema kwa -na- na -me-. Kichwa cha habari kimeuhifadhi kwa sababu ni mfupi na nafasi ya ukurasa ni ndogo. Tena kichwa hicho huitoa habari yenyewe. Mtu asiye na senti za kununua gazeti aliweza kusimama mbele ya meza ya muuzaji, akasoma ukurasa wa mbele wa magazeti matano au sita, akaenda zake akijua kwamba waziri amejiuzulu. Wauza magazeti wamewalalamikia wasomaji wa kusimama kwa miaka mingi, na wasomaji hao hawajapungua.

Hatua ya kwanza ya kuondoka kwenye karatasi haikuonekana na msomaji wa kawaida. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 magazeti kadha ya Dar es Salaam na Nairobi yalianza kutia habari katika intaneti, lakini walionufaika zaidi wakati huo ni Waswahili waliokuwa ng'ambo, pamoja na wanaisimu. Chuo Kikuu cha Helsinki kilizikusanya habari za magazeti pamoja na matini nyingine kikafanya kongoo ya maneno milioni 12 na nusu, iliyotolewa mwaka wa 2004, na toleo la mwaka wa 2016 likafikia milioni 25. Nchini kwenyewe mambo yaligeuka baada ya nyaya za chini ya bahari kufika pwani mwaka wa 2009, na kwa kasi zaidi simu za bei nafuu zenye kioo kipana zilipoenea katika miaka ya 2010.

Lugha ilivipokea vyombo hivyo kwa namna yake. Simu ni neno la asili ya Kiajemi lenye maana ya waya, nalo limebaki vilevile baada ya waya kuondoka. Wakenya huiita simu ya mkononi rununu, na rununu ni neno la zamani lenye maana ya uvumi, habari inayonong'onwa. Aliyelichagua huenda alitazama tu sauti ya chombo; lakini kama angeyajua yajayo asingepata neno bora zaidi. Kishikwambi, ambacho wengi hawakukijua, kilienea kwa upesi katika Sensa ya Tanzania ya mwaka wa 2022, makarani walipokwenda nacho nyumba kwa nyumba.

Basi msomaji wa simu asoma nini asubuhi? Katika Tanzania mara nyingi kitu cha kwanza kuonekana ni gazeti la karatasi. Kabla jua halijapanda, kurasa za mbele za magazeti ya siku hiyo zimekwisha pigwa picha na kutumwa kutoka simu hata simu, na wakati huohuo redio na televisheni zinazisoma kurasa hizohizo kwa sauti. Mamia ya watu hukiona kichwa cha habari ambacho mwili wake hawataugusa. Meza ya muuzaji magazeti imeingia mfukoni, na msomaji wa kusimama sasa aweza kusoma akiwa amelala. Haitoshi, basi, kusema kwamba simu imeliua gazeti; imelikata kichwa na kukizungusha. Waandishi wa ukurasa wa mbele walijua tangu zamani kwamba walikuwa na wasomaji wasiolipa, lakini sasa hao ndio walio wengi, na gharama ya kuwafuata mahakamani, bungeni na mikoani hao wanaotajwa katika vichwa hivyo hulipwa na wachache wanaonunua karatasi, na watangazaji wa biashara ambao nao wanahama.

Mbali na picha hizo, habari iandikwayo kwa ajili ya simu yenyewe imezaa kichwa cha namna nyingine. Badala ya waziri ajiuzulu, msomaji hukuta: alichokisema waziri baada ya kujiuzulu, au, kilichomkuta mfanyabiashara aliyekwenda mjini, au, hii ndiyo sababu ya bei kupanda. Sarufi ya vichwa hivyo yavutia kuliko habari zake. Kitenzi kimefunikwa na kirejeshi cha -cho-, chenye kuashiria "kitu" kisichotajwa, na kitu hicho ndicho habari yote. Kichwa cha karatasi kilimpa mpita njia habari. Kichwa cha simu humwahidi, na ahadi hutimizwa baada ya kubofya, maana kila mbofyo huhesabiwa na hesabu huuzwa kwa watangazaji. Kwa haki yapasa kusema kwamba magazeti ya udaku ya miaka ya 1990 yalikwisha uonja ufundi huu kabla ya simu. Yalifanya hivyo kwa sababu ileile: yalitaka aliyesimama anunue. Tofauti ni kwamba siku hizi hata magazeti yenye staha hutumia vichwa vya -cho- mtandaoni, na asubuhi yake, kwa habari ileile, hutumia vichwa vya -a- katika karatasi. Anayetafuta maudhui ya utafiti wa mitindo ya lugha atakuta hapa mhariri mmoja mwenye sarufi mbili.

Kusikiliza nako kumerudi. Habari huja kwa sauti iliyorekodiwa, hupitishwa katika makundi ya jamaa, ya watu waliosoma pamoja, ya waumini wa msikiti au kanisa moja, na mjukuu wa sasa humshikia babu simu kama yule wa kale alivyomshikia gazeti. Wengine kwa sababu hiyo wamesema kwamba simu ni baraza lililofufuka. Ufananisho huo ni mzuri, ila una tundu. Barazani aliyeleta habari alionekana, na nasaba yake ikajulikana, pamoja na uwongo wake wa mwaka jana. Aliyesoma Mambo Leo kwa sauti aliweza kusimamishwa na kuonyeshwa ukurasa. Sauti iliyopitishwa mara ishirini haina ukurasa wa kuonyesha, na anayeipitisha hujitoa lawamani kwa maneno mawili, "nimetumiwa tu." Kiswahili kilikuwa na neno la habari ya namna hiyo muda mrefu kabla ya simu.

Wataalamu wa nchi nyingine wameyapima mambo haya kwa njia zao. Mwaka wa 2018 Delgado na wenzake walizikusanya tafiti 54 za tangu mwaka wa 2000 hata 2017, zenye watu zaidi ya 170,000, wakaona kwamba kwa matini za kutoa maarifa wasomaji huelewa vizuri zaidi kwenye karatasi kuliko kwenye kioo, hasa wakisoma kwa haraka. Matokeo hayo ni ya kuheshimiwa. Lakini yanapima msomaji mmoja aliye kimya mbele ya matini moja, naye si mtu yule anayesikiliza ukurasa wa mbele ukisomwa redioni huku akiitazama picha yake simuni. Ripoti ya habari za kidijitali itolewayo kila mwaka na taasisi ya Reuters ya Oxford iliiingiza Kenya mwaka wa 2020, jambo jema. Walakini ripoti yenyewe hueleza kwamba wahojiwa wa Kenya ni wenye kujua Kiingereza, na zaidi ni vijana wenye intaneti. Msomaji wa Taifa Leo aweza kuwamo humo, lakini hamo kama msomaji wa Kiswahili. Kuhusu namna Kiswahili kinavyosomwa kwenye kioo, basi, maarifa mengi yanayotajwa mikutanoni ni ya kuazima.

Kwa mwanahistoria wa lugha, hata hivyo, jambo zito haliko katika macho ya msomaji. Liko katika tarehe.

Neno fisadi ni mfano mwema. Katika kamusi ya Johnson ya mwaka wa 1939, na katika matumizi ya kawaida kwa muda mrefu baadaye, fisadi ni mtu mpotovu, mharibifu, hasa mharibifu wa wanawake. Katika Septemba 2007 orodha ya viongozi waliotuhumiwa kula mali ya umma ilisomwa mkutanoni Mwembeyanga, Temeke, ikaitwa orodha ya mafisadi; na katika Februari 2008, kwa sababu ya kashfa ya mkataba wa umeme, Waziri Mkuu alijiuzulu. Kati ya miezi hiyo neno lilihama kutoka chumbani hadi hazina. Leo kijana akisikia "fisadi" haoni mwanamke yeyote ndani yake; aona benki. Uhamaji huo waweza kufuatwa siku kwa siku, kwa kuwa magazeti ya karatasi ya miezi hiyo yapo katika majalada: tarehe juu ya ukurasa, neno chini yake, na hakuna awezaye kurudi nyuma kulibadili. Ngangari na ngunguri za mwaka wa 2000, mzaha wa chama cha upinzani na polisi, zimehifadhika kwa njia hiyohiyo.

Na alinganishwe kutumbua majipu. Rais Magufuli aliitumia methali hiyo ya kidonda katika hotuba yake Bungeni Novemba 2015, na hotuba ipo. Lakini namna msemo ulivyotoka Dodoma ukaingia katika kila kinywa, ukazaa mtumbuaji, mtumbuliwa na "ametumbuliwa" yenye maana ya kufukuzwa kazi tu, hata kama hakuna jipu, ilipita zaidi katika simu. Ujumbe uliotumiwa neno hilo kwa maana mpya kwa mara ya kwanza umekwisha futika pamoja na simu iliyovunjika. Kilichobaki katika karatasi ni kivuli cha siku kadhaa baadaye.

Tena ipo hatari iliyo mbaya kuliko kufutika, nayo ni kusahihishwa. Barakoa lilikuwa vazi la uso la wanawake wa Unguja na wa nchi za Ghuba. Mwaka wa 2020 lilipewa kazi mpya ya kuziba pua na mdomo. Ugonjwa wenyewe ulianza kuitwa korona, na jina la UVIKO-19 likashika Tanzania baadaye. Makala iliyotiwa mtandaoni mwanzoni mwa maradhi hayo yaweza kurudiwa na mhariri, kwa nia njema kabisa, akatoa "korona" akatia "UVIKO-19", na tarehe ya juu ikabaki ileile. Mwanafunzi wa mwaka wa 2060 atakayeisoma atashika kalamu na kuandika kwamba neno hilo lilikuwapo kabla ya kuundwa kwake. Karatasi ikikosea, hukosea mara moja, na sahihisho lake hutoka kesho yake likiwa na tarehe yake; makosa na masahihisho yote mawili ni ushahidi. Pia kongoo kubwa za lugha, zilizojengwa kwa matini za mtandao, zina nakala ya siku ilipochukuliwa tu.

Sheria zilijengwa juu ya karatasi. Sheria ya Vitabu na Magazeti ya Kenya, ya mwaka wa 1960, ilimtaka mchapishaji apeleke nakala kwa msajili, na maktaba za Afrika ya Mashariki zilipata mengi kwa njia za namna hiyo. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyo wake wa Afrika ya Mashariki, ambamo wengi wa wanaosoma makala haya wamekwisha pakwa vumbi. Neno "nakala" katika sheria za zamani hudhani kwamba kuna kitu kimoja kilichomalizika, chenye mwanzo na mwisho, kinachoweza kufungwa kwa kamba na kubebwa na tarishi. Habari ya simuni haina kitu hicho. Hubadilika saa tatu, hubadilika tena saa sita, na jioni hufunikwa na nyingine. Maktaba ikitaka kuipokea, itabidi iamue kwanza gazeti la leo ni lile la saa ngapi. Hilo ni swali la mkutubi, lakini mwanaleksikografia asipolijibu pamoja naye atalijibiwa na mafundi wa kompyuta, ambao hawana sababu ya kujali neno lilizaliwa lini. Kazi ndogo iliyo karibu, ya kuzihifadhi kila siku zile picha za kurasa za mbele pamoja na tarehe zake, haihitaji sheria mpya wala fedha nyingi, na yaweza kuanza katika taasisi yoyote yenye mtu mmoja aamkaye mapema.

Neno gazeti lenyewe halikusubiri. Miongoni mwa vijana wa Dar es Salaam, mtu akituma ujumbe mrefu kupita kiasi huambiwa, "Mbona umeandika gazeti?" Kitu kilichokumbukwa cha gazeti ni urefu wake, si habari, si karatasi, si siku. Maana hiyo imezaliwa katika simu, nayo hukaa humo, kwa hiyo majalada hayatasema ilianza lini na katika mtaa gani. Mwenye kutaka kuitia katika kamusi itambidi awaulize wasemaji wenyewe, mmoja mmoja, kama Krapf na Steere walivyofanya kabla Msimulizi halijapigwa chapa.